Nyundo na Marehemu Wake

Gari la kufundishia lilikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu, na katika shule ile ya udereva hapakuwa na mguu uliotulia juu ya breki ya pili kama mguu wa mwanamke huyu. Walimu wenzake walikanyaga ovyo, walifoka, walimpokonya mwanafunzi usukani katikati ya barabara. Yeye alingoja. Mwanafunzi angeingiza gia ya tatu badala ya kwanza, gari likatetemeka na kuzimika mbele ya lori, honi zikapasua masikio huko nyuma, naye angesema kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa: "Hakuna neno. Washa tena. Taratibu."

Ndiyo maana wakamwita Mwalimu Taratibu, na ndiyo maana mwenye shule alimrundikia wale walioshindikana: wazee waliostaafu na mikono inayotetemeka, vijana waliofeli mtihani wa barabarani mpaka wakaona haya kuonekana, na mama mmoja mwenye duka la rangi, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuamuru wapagazi, ambaye akiona mzunguko wa barabara tu aliachia usukani na kufumba macho.

"Mwalimu, leo nikiua mtu?"

"Hutaua mtu, mama. Ukiua nitasema nilikuwa naendesha mimi."

"Na nikikuua wewe?"

"Basi utasema mwenyewe. Angalia kioo. Cha pembeni, mama, si hicho cha kujitazama."

Mama wa rangi alicheka mpaka mabega yakatikisika, na kwa kucheka kule wakauzunguka mzunguko bila yeye kujua. Huo ndio uliokuwa ufundi wa Mwalimu. Alijua kwamba mtu akiogopa mkono unakauka, na mkono ukikauka gari linakwenda linakotaka. Hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Hata mume aliyewahi kuwa naye aliondoka akilalamika kwamba kugombana na mwanamke yule ni kama kupiga ngumi mto wa kulalia.

Aliishi na mdogo wake, mwoka mikate, katika nyumba ya vyumba viwili na sebule iliyotenganishwa na vyumba kwa ukuta wa mbao. Mdogo mtu alitoka alfajiri kwenda kwenye tanuri na kurudi mchana akiwa na unga kwenye nyusi, akaoga, akalala alasiri yote. Dada mtu alirudi somo la mwisho likiisha, akavua viatu mlangoni ili asimwamshe, akafunga mlango wa sebule, akavaa vipokea sauti vya masikioni, na hapo Mwalimu Taratibu alikoma kuwapo.

Mchezo ule aliwekewa kwenye simu na mwanafunzi wa zamani, kwa utani tu. "Mwalimu, huku nako wanaendesha." Ulihusu msafara. Watu watano, kila mmoja kwao, wanashika zamu kuvusha lori lenye dawa katika nchi iliyojaa maadui: mmoja anaendesha, watatu wanalinda, mmoja anaamuru. Alianza kama dereva, na kwa kuwa aliijua barabara hata ya katuni, akapanda kuwa mlinzi, kisha mkuu. Jina alilojichagulia lilikuwa Nyundo. Hakulifikiria sana. Lilimjia kidoleni kabla halijamjia kichwani.

Kikosi chake kilikuwa na Kiberiti, mwanamume mcheshi asiyeweza kunyamaza. Na Mapacha, ndugu wawili waliocheza chumba kimoja na kucheka kwa pamoja. Na dereva wao, Sindano. Wote walikuwa watu wazima. Hakuna aliyejua jina la mwenzake wala sura yake, wala hakuna aliyeuliza.

Sindano alikuwa na sauti nyepesi, ya mtu anayeomba radhi kwa kupita. Alishukuru kwa kila kitu, hata kwa risasi alizogawiwa na mchezo wenyewe. Alikuwa wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka. Siku moja Mapacha walimwuliza anafanya kazi gani akajibu, "Nipo tu nyumbani," na Nyundo akaidaka ile kauli hewani: "Yupo tu! Barabarani yupo tu, darajani yupo tu!" Tangu hapo ikawa wimbo wao. Na aliendesha vibaya, tena vibaya kwa namna ambayo Mwalimu Taratibu aliijua kama kiganja chake: alikanyaga breki katikati ya kona. Asubuhi, kosa hilohilo likifanywa na mama wa rangi, alisema, "Punguza mwendo kabla ya kona, mama, halafu uiache ikupeleke." Alasiri alinguruma.

Kikosi kilikuwa na desturi yake, na desturi hiyo aliitunga Nyundo mwenyewe, au ndivyo alivyoamini. Wakishindwa, aliyesababisha alizikwa. Aliitwa marehemu. Alitakiwa kuacha kipaza sauti wazi, ili wasikie pumzi zake wajue hajakimbia, lakini asitoe neno hata moja. Kila mmoja alimtolea hotuba ya mazishi.

"Marehemu alikuwa mtu wa watu," Kiberiti angeanza kwa sauti ya huzuni. "Na watu wote aliowaua walikuwa wa upande wetu."

"Ameacha pengo," pacha mmoja angedakia.

"Pengo lenyewe liko darajani, lori limepitia humo," mwenzake angemalizia, wakavunjika mbavu.

Mwisho alizungumza Nyundo, na hotuba yake haikuwa na kicheko. Kisha alisema, "Fufuka," na marehemu akajibu, "Nimefufuka, Mkuu," wakaanza upya. Marehemu hasemi mpaka afufuliwe, na hafufuliwi ila na aliyemzika. Ilikuwa sheria ya utani, lakini waliishika kuliko sheria za barabarani. Kiberiti aliwahi kuzikwa, na Mapacha pia. Ila kaburi la Sindano halikuwahi kuota majani.

Siku ile lori lilikuwa limebakiza daraja moja. Lango lilionekana, taa zake za kijani zinawaka. Sindano aliingia kwenye kona ya mwisho, akakanyaga breki, lori likapinda kama mtu aliyeitwa kwa nyuma, likatumbukia mtoni na dawa zote.

Kiberiti na Mapacha walimaliza hotuba zao haraka. Nyundo akashika zamu.

"Mtu huna faida hata ya kufunga mlango," alisema. "Mkono wa kushoto haujui, wa kulia haujui, basi tuikate yote miwili tupate kuni. Nani alikuambia wewe ni mtu wa kukaa na watu? Huko nyumbani wanakulisha kwa sababu wanaona aibu kukutupa. Unasikia? Wanasubiri uone mwenyewe."

Mapacha walicheka, kisha wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Nyundo hakuona. Aliendelea, maneno yakimjia yamekwisha kupangwa, moja likilivuta jingine, kama mtu anayesoma. Katika vipokea sauti ilisikika pumzi ya Sindano, inapanda na kushuka.

Hapo umeme ukakatika mtaa mzima. Mtandao ukafa, skrini ikabaki na duara linalozunguka. Alivua vipokea sauti. Viganja vilikuwa vya moto na mwili mwepesi, kama wa mtu aliyeamka kutoka usingizi mzuri. Akaenda jikoni akabandika maji ya chai, akamkatia mdogo wake kipande cha mkate.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya mitihani ya barabarani. Wanafunzi wake walimlilia mikononi. Alishinda katika maegesho ya ofisi ya leseni akiwabebea mikoba na kuwakumbusha kioo, kiashirio, kioo. Alirudi amechoka hoi, akalala. Mchezo haukuguswa. Neno "fufuka" lilibaki halijasemwa, na hakukumbuka kwamba halijasemwa.

Aliporudi mchezoni, Kiberiti alimpokea kwa shangwe.

"Mkuu! Tulidhani umehama dunia. Tumecheza na dereva wa kuazima, mlevi wa kona kama nini."

"Sindano yuko wapi?"

Kiberiti akacheka. "Marehemu wako? Si ulimwacha kaburini! Alikuwa anakuja kila siku, anaingia, anawasha kipaza sauti, anakaa. Kimya. Tunasikia anahema tu. Mimi nikamwambia, 'Babu, ongea basi, Mkuu hayupo.' Wapi! Anahema tu. Tukamwacha, si sisi tuliomzika. Halafu akaacha kuja."

"Mliendelea kumwita marehemu?"

"Sasa tumwite nani?"

Mapacha wakacheka, na Nyundo akacheka nao. Kwenye orodha ya kikosi jina la Sindano lilikuwa la kijivu. Alicheza vibaya alasiri ile. Akamfokea dereva wa kuazima kwa maneno yaleyale aliyoyazoea, kuanzia mlango hadi kuni.

Mlango wa sebule ukafunguka. Mdogo wake alisimama hapo, khanga kifuani, macho mekundu ya usingizi, mkono umeshika fremu ya mlango.

"Dada, baba yuko wapi?"

Akavua vipokea sauti. "Baba gani? Umeota."

"Nimemsikia. Yuko humu ndani." Alitazama kochi, akatazama dirisha, akaitazama simu mkononi mwa dada yake. Usingizi ukamtoka usoni polepole, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. "Ni wewe."

"Ni mchezo tu, mdogo wangu. Watu wanataniana."

"'Tuikate yote miwili tupate kuni.' Dada, hayo ni maneno ya nani?"

Mwalimu Taratibu aliilaza simu kifudifudi juu ya kochi. Baba yao alikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha mbao. Alikufa zamani, na dada mtu alikuwa na desturi ya kusema, mtu akimwuliza, kwamba alikuwa mkali kidogo lakini aliwalea. Alikuwa amelisema hilo mara nyingi mno hata likageuka kumbukumbu yenyewe.

"Sikujua nimesema," alinong'ona.

"Unasema kila siku. Mimi nalala nasema moyoni, ni redio ya jirani." Mdogo mtu akakaa ukingoni mwa kochi. "Na ile ya kumwambia mtu asiseme mpaka aambiwe? Nimeisikia kupitia ukuta. Unadhani uliitunga wewe?"

"Niliitunga mimi."

"Dada. Umesahau mlango?"

Alikuwa amesahau. Mdogo wake akamkumbusha bila kupaza sauti, kama mtu anayemvua mwenzake mwiba. Ukikosea, ulisimamishwa kando ya mlango wa jikoni, uso ukutani, mdomo kufuli, mpaka baba aseme, "Haya, sema." Ukisema kabla, unaanza upya. Siku moja baba alimsimamisha yeye, mdogo, kwa sababu ya sufuria iliyoungua, kisha rafiki zake wakampitia, akatoka zake. Akasahau.

"Nilisimama mpaka nikajikojolea. Mama alikuwa anaogopa kunigusa. Wewe ndiye uliyeniletea maji, ukaninywesha nikiwa nimeangalia ukuta vilevile. Hukuniambia niseme, maana haikuwa kazi yako. Baba aliporudi akaniambia niseme, dada, sikuweza. Siku kadhaa sikuweza. Kila mtu alidhani nimefanya kiburi."

 Maji Mwalimu aliyakumbuka. Kikombe cha bati, chenye ua la bluu, alikikumbuka vizuri kabisa. Ukuta na mlango vilikuwa vimefutika.

"Kuna mtu nimemwacha," alisema.

"Wapi?"

"Mlangoni."

Kuanzia hapo hakuwa na jambo jingine. Angekuwa mtu wa mtaani angemtafuta kwa miguu. Angekuwa mwanafunzi wa shule angelipekua faili. Lakini Sindano alikuwa jina la kijivu na pumzi. Alimwandikia kupitia mchezo: "Fufuka." Akaandika tena: "Sindano, fufuka, umeme ulikatika." Akaandika: "Samahani." Akaandika mambo marefu, akayafuta, akayaandika tena. Chini ya kila ujumbe mchezo uliweka alama ile ile ndogo: haujasomwa.

Alimwomba Kiberiti. "Wewe mlizoeana. Hakukuambia anakaa wapi? Ana ndugu?"

"Mkuu, mimi hata mke wangu sijui anakotoka akichelewa, nitamjua Sindano?"

"Nisikilize, bwana. Nina wasiwasi naye. Nadhani nimemfanyia kitu kibaya."

 Kisha Kiberiti akasema kwa sauti ya huzuni, ile ya makaburini: "Jamani, tumempoteza Mkuu wetu. Marehemu alikuwa Nyundo, amekufa akiwa pamba." Mapacha wakaangua kicheko, mmoja akamdai anyamaze maana marehemu hasemi. Aliwaita kwa majina yao ya mchezo, akawasihi, akalia hasa, na kadiri alivyolia ndivyo walivyocheka, kwa sababu huo ndio ulikuwa mchezo na yeye ndiye aliyewafundisha. Wala hawakuwa watu wabaya. Pengine Kiberiti naye alikuwa na mtu anayemsubiri mezani, anayemjua kuwa mpole. Akawakatia simu.

Kazini alianza kuharibika. Aliwatazama wanafunzi mikono badala ya barabara. Mama wa rangi alimwuliza kama anaumwa; akasema ni usingizi. Kila mwanafunzi alipokanyaga breki kwenye kona, maneno yalimjia hadi kwenye meno, yamepangwa, yamekamilika, na sasa aliyatambua. Hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa akiyameza asubuhi yote, miaka yote, bila kujua kwamba ana kitu mdomoni.

Nyumbani mdogo wake hakumlaumu. Alikaa naye sebuleni badala ya kulala, akimenya machungwa, simu ikiwa katikati yao juu ya meza kama mgonjwa.

"Labda amepata kazi," mdogo mtu alijaribu.

"Labda."

"Labda amepata mwanamke. Mwanamke akiingia, michezo yote inafutwa."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliokaa nje ya chumba cha upasuaji. Halafu dada mtu akauliza lile alilokuwa akilizunguka. "Ulianzaje kusema tena?"

Mdogo wake alifikiri sana, kisu kikiwa kimesimama juu ya chungwa. "Baba aliniambia kwa ukali. Mara ya kwanza alisema kwa upole, akicheka, nikaona ni mtego. Alipofoka ndiyo nikajua ni yeye, ameruhusu kweli."

Ilikuwa asubuhi, mama wa rangi akiwa kwenye usukani, wamekaribia mzunguko, simu ilipolia ule mlio wa mchezo. Kwenye skrini jina la Sindano lilikuwa na rangi.

"Egesha, mama."

"Hapa?"

"Popote. Egesha."

Mama wa rangi akaegesha gurudumu moja juu ya ukingo wa njia, akazima gari bila kuambiwa. Mwalimu alipokea simu kwa haraka, akagusa kitufe kisicho chake, sauti ikatoka kwenye spika ikajaa gari zima.

"Hii simu inawakawaka kila saa," sauti ya mwanamke mzima ilisema. "Wewe ni nani unayemwandikia mwanangu?"

"Mama, shikamoo. Mimi... nacheza naye. Yuko hai?"

"Marahaba. Yuko hai, kama huko ni kuwa hai. Hasemi. Amekaa kitandani anatazama ukuta, ukimwuliza anakuangalia kama anayetaka kukuonya. Zahanati wamempima koo, wamempima damu, wanasema hana kitu. Aliwahi kuwa hivi alipokufa baba yake, lakini alirudi baada ya siku mbili tatu. Safari hii hata kula anakataa. Nimemwona amekonda nikasema, wacha nifungue hii simu, huenda kuna mtu wake." Sauti ikakatika, ikarudi. "Dada yangu, kama kuna neno unalijua, liseme."

"Mwekee simu sikioni, mama."

Kukasikika kitanda kikilia, kisha pumzi. Aliijua. Angeitambua katikati ya soko. Akajikohoza, akasema kwa sauti yake, ile iliyowavusha wazee na waoga kwenye mizunguko yote ya mji: "Sindano. Ni mimi. Fufuka. Basi, imekwisha, fufuka, taratibu."

Pumzi ilipanda na kushuka.

"Sindano, nakuomba. Nilikosea. Sema tu neno lolote."

"Hakujui," mama alisema kwa mbali. "Anatikisa kichwa. Hakujui wewe."

Mwalimu alijua kwa nini. Mtu yule hakuwahi kuisikia sauti hii hata siku moja. Kwake ilikuwa mtego. Alitazama mbele, kwenye kioo chenye kibao cha mwanafunzi, akahisi ile sauti nyingine imekaa chini ya ulimi, tayari, nzito, yenye harufu ya mbao mbichi. Wiki zote hizi alikuwa akiapa kuiua. Mama wa rangi alimtazama kwa jicho la huruma, akanyoosha mkono ampapase bega.

"We Sindano!" alinguruma.

Mkono wa mama wa rangi ukarudi kama uliogusa moto.

"Unalala kaburini nani amekupa ruhusa? Mtu huna faida hata ya kufa! Nani Mkuu hapa? Nasema fufuka! Fufuka sasa hivi, kabla sijakufuata huko nikakutoa kwa sikio!"

Kitanda kililia. Kitu kilianguka sakafuni. Kisha, kavu, kama bawaba ya mlango wa siku nyingi:

"Nimefufuka, Mkuu. Ahsante."

Mama wa upande wa pili alipiga yowe, akalia, akataja jina ambalo Mwalimu hakulishika, akalirudia, akambusu mtu kwa kishindo. Muda ukapita. Mwalimu alikuwa ameinamia dashibodi, amefumba mdomo kwa kiganja. Mlango wa kulia ulifunguka. Mama wa rangi alikuwa ameshuka, mkoba kifuani, anatembea kando ya barabara kwa kasi bila kugeuka, kuelekea alikotoka.

"Dada yangu, Mungu akulipe," mama alisema akirudi kwenye simu. "Mungu akulipe mara mia."

"Usiniombee, mama. Ni mimi niliyemfanya hivyo. Mimi ndiye niliyemwambia asiseme."

 Mwalimu alingoja matusi, na aliyatamani, kama mwenye kiu.

"Najua," mama alisema hatimaye. "Nilikuwa nafua nyuma ya dirisha siku ile. Nilikusikia kwenye spika ya simu yake, na leo ulipofoka nikakujua. Nilisema moyoni, siku nikimpata huyu mwanamke nitamng'oa macho." Akavuta kamasi. "Ila mimi nimemwita kwa upole mpaka sauti imenikauka, na kaka zake, na mchungaji. Hakumwitikia mtu. Kakuitikia wewe. Sasa nitafanya nini?"

"Kuna daktari wa mambo haya, mama. Nitawatafutia. Nitakuja mwenyewe."

"Utakuja, tutaongea. Hapa nina supu imepoa, hajatia kitu tumboni tangu juzi. Mwambie ale."

"Sindano," alianza kwa upole, "kula kidogo, ndugu yangu."

Hakuna kilichosikika.

"Siyo hiyo," mama alisema. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekwisha kutupa aibu yake yote. "Hiyo haisikii. Tumia ile."

Barabarani magari yalipunguza mwendo, yakaukwepa mkia wa gari lililoegeshwa vibaya, madereva wakipiga honi na kusonya. Mwalimu akapandisha kioo cha dirisha. Akavuta pumzi mpaka chini kabisa, akamwamuru mtu mzima asiyemjua kushika kijiko, kukijaza, kukipeleka mdomoni, kumeza. Alimtukana kwa kila kimoja. Kijiko kiligonga bakuli, kikanyamaza, kikagonga tena.

"Anakula," mama alinong'ona. "Usiache. Ukiacha anaacha."